Koti la Kijani la Bi. Connie

Manchester
Alhamisi, 21 Novemba 1991

Dada Edna,

Kwa majonzi yasiyo na kifani, na kwa niaba ya ukoo, majirani, wateja wote wa duka lake la kufulia pale kona na watazamaji milioni kumi na mbili, natangaza kifo cha Bi. Connie Braddock wa Mtaa wa Sugden, nyumba namba tano. Marehemu aliiaga dunia Jumatano ya wiki iliyopita, saa moja na dakika hamsini na tatu jioni, muda mfupi kabla ya tangazo la sabuni. Aligongwa na gari la aiskrimu. Alizikwa jana, saa ileile. Ameacha waume wawili aliowatimua, mashine nane za kufulia, na mwigizaji mmoja wa miaka hamsini na miwili ambaye magoti humlia akipanda ngazi na ambaye kuanzia sasa hana pa kwenda Jumatatu asubuhi.

Mwigizaji huyo ndiye mimi, kama umesahau sura yangu. Nakuandikia nikiwa nimezungukwa na mashada saba ya maua. Siyo ya kuigizia, dada, ni ya kweli. Watu wamenunua maua halisi kwa pesa halisi na kuyapeleka studio kwa ajili ya mazishi ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Bwana Openshaw wa getini alinipigia simu: "Bi. Thelma, njoo uchukue maiti yako, mie nimeanza kupiga chafya." Moja limesukwa kwa umbo la sapatu, karafuu nyekundu pembeni na nyeupe katikati, kubwa kuliko meza yangu ya chakula. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jana kwenye duka la mikate mama mmoja kanishika mkono hataki kuuachia. "Pole sana, mpenzi," ananiambia. "Ulikuwa mtu mwema." Nikamjibu asante. Ungekuwa wewe ungesema nini? Nikanunua mkate nikaondoka polepole, kama anavyopaswa kutembea marehemu mwenye adabu.

Watu wa huko wakiuliza, waambie niliomba mwenyewe kupumzika. Miaka kumi na tisa ya kukunja mashuka ya wengine inamtosha mtu.

Sasa la maana. Simu yako inalia tu, haipokelewi. Siku tuliyomzika mama ulisema utatafuta maneno ya kuandika kwenye jiwe lake, kisha hukusema tena. Umeyapata? Na Krismasi je, nije? Nalala popote, hata kwenye kochi lile lenye springi inayouma.

Mdogo wako,
Thelma (marehemu)


Bacup
25 Novemba 1991

Thelma,

Barua imefika. Simu nimeikata. Ilikuwa ya mama, mimi sina wa kumpigia.

Mazishi ya Connie nimeyaona. Bi. Crabtree wa jirani alikuja kunichukua kwa mkono. "Njoo kwangu, Edna, siku kama hii mtu hakai peke yake." Nilidhani anasema habari za mama, maana siku hiyo ilikuwa inakaribia mwezi tangu tumzike. Kumbe alikuwa ameshawasha televisheni. Chumba kilijaa. Walilia wote, na Bi. Crabtree alipitisha keki.

Nimeona kwamba Connie amezikwa na paja la nguruwe. Kamera imepita juu ya ile sahani taratibu kabisa, vipande vinene, na haradali pembeni. Ukumbi mzima wa kina Braddock unatafuna. Bi. Crabtree akasema, "Hayo sasa ndiyo mazishi." Halafu akanikumbuka niko pale, akanikatia keki nyingine.

Maana mama hakuzikwa na nyama, Thelma. Mama alizikwa na samaki. Ulileta wale vijana wa hoteli wenye glavu nyeupe na vile vipande vya samoni mbichi juu ya mikate mieusi midogo kama stempu. Watu waliotoka kanisani kwenye mvua, wenye njaa, walisimama wanavitazama. Mzee Tattersall aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu amesahau kupika. Hapa kwetu unajua neno lenyewe. Mtu akifa wanauliza, "Alizikwa na nyama?" Nikiulizwa mimi natazama viatu vyangu.

Shada la sapatu ni la wenzake mama wa kiwandani. Walichanga miezi miwili iliyopita, mara tu gazeti liliposema Connie atakufa. Mama alishona sapatu pale miaka arobaini na moja. Kwake walileta shada dogo la duara, na kadi yenye majina manane. Wamezeeka, pesa walikuwa wameshatoa kwa Connie. Siwalaumu. Furahi nalo.

Kuhusu jiwe. Bwana Haworth, fundi wa mawe, anataka maneno kabla ya Krismasi. Ninayo tayari jina lake, miaka yake, na "mama wa Edna". Baada ya hapo pana nafasi. Bado sijaamua.

Baridi imeingia. Nimeanza kufunga mlango wa nyuma. Unakumbuka tulivyokuwa tukigombana naye? Mpaka mwisho hakutaka ufungwe. Mlango wa mbele wa daktari, wa padri na wa jeneza, mlango wa nyuma wa watu wetu, na watu wetu hawabishi hodi. Sasa naufunga saa kumi jioni, nyumba inapata joto.

Edna


Manchester
28 Novemba 1991

Dada yangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, na nilipofika kwenye "stempu" nikakaa.

Una haki. Sina la kujitetea kuhusu samaki ila upumbavu, na huo ninao wa kutosha kugawia mtaa. Nilitaka mama apate kitu kizuri ambacho hakuwahi kupata. Nilisahau kuuliza kama alikitaka. Ukitaka kujua, nilipoona Mzee Tattersall anageuza kile kimkate huku na huku kutafuta nyama chini yake, nilitamani ardhi inimeze pamoja na vijana wa glavu. Na ile sahani ya nyama kwenye mazishi ya Connie ni mimi niliyeiomba. Mwandishi alikuwa ameandika "sandwichi". Nikamwambia, kijana, sisi watu wa Lancashire hatuzikani hivyo. Nilijua, dada. Kwa Connie nilijua.

Lile sapatu la maua nimeliweka bafuni, ndipo penye baridi, lisinyauke. Silicheki tena.

Lakini usiniache nje ya jiwe kwa sababu ya samaki. Najua hasa kinachokukaa rohoni ni ile Jumapili aliyokufa mama. Laiti ningekuwa huru! Uliponipigia saa mbili asubuhi nilikuwa mguu mmoja ndani mguu mmoja nje. Saa nne nilikuwa nimelala kwenye lami Mtaa wa Sugden, gari la aiskrimu limesimama puani pangu, mwongozaji anapiga kelele, "Connie, kufa tena, mpenzi, safari hii kidogo kushoto!" Nilikufa mara tisa siku ile. Watu sitini wananisubiri, barabara imefungwa, mpiga kamera ana mafua. Unawaambiaje watu sitini kwamba unaenda nyumbani? Nilipoachiwa tu nikakimbia na gari. Nikafika saa tisa. Nilichelewa nusu saa, Edna. Nusu saa tu.

Hiyo ndiyo kazi yetu, haina Jumapili, na mama alilijua hilo.

Nije Krismasi? Nitaleta nyama.

Thelma


Bacup
3 Desemba 1991

Thelma,

Bi. Crabtree ana mashine ya kurekodi. Kila kipindi chako anacho kwenye kanda, na tarehe ameandika kwa wino mwekundu. Kifo cha Connie sikuwa nimekiona, maana jioni ile nilikuwa napeleka nguo za mama kanisani. Baada ya barua yako nikaenda kumwomba kanda.

Tumekitazama mara mbili. Mara ya kwanza yeye alilia. Mara ya pili nilimwomba asimamishe picha.

Connie amelala kwenye jua. Jua kali, Thelma. Kivuli cha lile gari kiko cheusi tii barabarani, na watoto walio nyuma wamevaa mikono mifupi. Jumapili aliyokufa mama mvua ilianza alfajiri na haikukatika. Mfereji wa Bi. Crabtree ulifurika ukaingia jikoni kwake, ndiyo maana hakuwepo kunishika mkono. Na wewe ulipofika ulikuwa umelowa mpaka nywele zimekuganda usoni. Maili ishirini tu kutoka kwako. Au Mtaa wa Sugden una jua lake?

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nilinyamaza hata siku ya mazishi, nilipokuona nyuma ya kanisa, kabla hatujaingia. Ulitoa kwenye mkoba kile kijiti cheupe, ukajipaka chini ya macho, kushoto na kulia, ukasubiri, ukapepesa. Uliwahi kunionyesha hicho kitu, ukaniambia kinanukia kama dawa ya kifua na kinatoa machozi ndani ya sekunde kumi. Tukaingia. Watu wote wakasema, "Mtazame Thelma, masikini, anavyolia." Mimi nilikaa pembeni yako macho makavu kama mawe, na wakasema, "Edna ana moyo mgumu." Nimemwogesha miaka minne, Thelma. Machozi yangu niliyamalizia kwenye beseni.

Na nikwambie jingine, ulijue. Mwaka huu wote mama hakukuulizia wewe. Alimzungumzia Connie. "Connie alikuja leo." "Connie amekunywa chai." "Connie anasema mashine namba tatu imeharibika tena." Nikitoka kazini Alhamisi nakuta vikombe vya wageni vimetolewa kabatini, viwili, vyote vimeoshwa. Nikamgombeza. Nikamwambia, mama, Connie ni mtu wa televisheni, hawezi kuja hapa, acha kujiongopea. Akanitazama kama mtoto aliyepigwa bure. Nikamweleza daktari, daktari akaongeza vidonge, mama akawa analala mchana kutwa. Hayo ndiyo yalikuwa malipo ya kazi yako nyumbani kwetu: alikufa akimsubiri mwanamke asiyekuwepo.

Nakuuliza mara moja. Jumapili ile ulikuwa wapi?

Edna


Manchester
6 Desemba 1991

Edna,

Barua yako nimeipata. Nimeanza jibu mara nne, na mara zote nne nimejikuta naandika vizuri. Karatasi zote nimezichana.

Nivumilie siku chache.

T.


Bacup
10 Desemba 1991

Thelma,

Bwana Haworth atakuja Jumatatu tarehe 16 kuchukua maneno. Akishachonga amechonga.

E.


Manchester
Alhamisi, 12 Desemba 1991

Dada,

Leo sina utani. Nitaeleza ilivyokuwa, na ukiona mahali nimeanza kupamba, pigia mstari uruke.

Nianze na dogo. Sikuomba kupumzika. Mwezi wa saba bosi mpya aliniita ofisini, kijana mwenye soksi za rangi, akanisogezea sahani ya biskuti za chokoleti. Kazini kwetu, bosi akikupa biskuti ya kawaida utaongezewa mistari ya kusema, akikupa ya chokoleti umekufa. Nikala mbili. Nikamshukuru. Ile kwamba niliomba mwenyewe niliitunga kwenye ngazi nikishuka.

Sasa vikombe.

Mama hakuwa anaota, Edna. Vikombe vilikuwa viwili kwa sababu tulikuwa wawili.

Ilikuwa Februari, siku ya Alhamisi. Tulimaliza mapema, na jioni nilitakiwa kurudi, kwa hiyo nikaingia kwenye gari nikiwa na koti la kijani la Connie na wigi lake kichwani ili nisipoteze muda. Nikaja kwa mlango wa mbele. Sikuwa nimekuja tangu Krismasi, na mtu aliyekaa siku zote hizo bila kuonekana hana uso wa kuingilia mlango wa nyuma. Mtaa ulikuwa mtupu, si unajua Alhamisi wote wako kwenye mchezo wa bingo. Nikagonga. Mama akafungua.

"Lo! Connie Braddock!" Akapiga makofi. "Ingia, mpenzi, ingia, usisimame kwenye baridi. Edna hataamini!"

Nikamwambia, "Mama, ni mimi. Thelma."

Akanitazama kama mtu aliyesikia neno chafu kanisani. "Thelma ana kazi," akasema. "Thelma haji siku za wiki." Akaanza kutetemeka kidevu. Kisha akageuka kana kwamba sikusema kitu, akafungua kabati la vikombe vya wageni, vile vya ukingo wa dhahabu ambavyo mimi na wewe hatukuruhusiwa hata kuvipangusa. "Maziwa, Bi. Connie?"

Nikasema, "Tone tu, mpenzi." Kwa sauti ya Connie.

Basi. Ilinitoka kirahisi hivyo. Ningeweza kuvua wigi. Nilifikiria kulivua, na wakati nafikiria nikawa tayari nimechukua biskuti.

Nilikaa saa mbili. Tangu lini Thelma amekaa na mama saa mbili bila kutazama saa? Alicheka, Edna. Aliniuliza habari za mashine, akanipa ushauri kuhusu mume wangu wa pili, akakusengenya kidogo kwamba unaweka chumvi kama unaikopa. Nikaosha vikombe nikaondoka kabla hujatoka kazini. Wiki mbili baadaye nikarudi, na safari hii sikuwa na kazi ya kurudia jioni. Koti nililivaa kwa makusudi. Nimekuja Alhamisi kumi na moja, mpaka Septemba. Ndizo saa nzuri kuliko zote nilizowahi kukaa na mama, na hazikuwa zangu.

Kuna siku aliniambia, "Nami nina binti yuko kwenye kazi kama yenu. Anajua sana kulia. Ila nyumbani sijamwona akilia tangu ana miaka tisa." Nikauliza yukoje. Akafikiri. "Mrefu," akasema. "Ana haraka." Kisha akaingia chumbani akatoka na mfuko wa karatasi. Ndani mna sapatu nyekundu alizozishona mwenyewe, mpya kabisa, saizi ya mtoto wa miaka tisa. "Ukimwona huko, mpe," akasema. "Na umwambie mlango wa nyuma sijaufunga."

Nilichukua. Nikasema, "Nikimwona nitampa." Nikashuka ngazi za mbele kama mgeni.

Sijui kama alinijua. Usiku mwingine najiambia alinijua, na usiku mwingine najiambia hapana, na vyote viwili vinaniumiza. Nisikuongopee kwamba ninayo hakika.

Ulipomgombeza, ulimgombeza kwa kusema kweli. Ulipomwambia daktari, daktari aliongeza vidonge kwa sababu yangu mimi. Neno moja kwenye simu lingetosha: "Edna, ni mimi." Lakini neno hilo lingekuwa na swali nyuma yake, kwa nini hupiti kama Thelma, nami sikuwa na jibu ambalo mtu mzima anaweza kulitoa. Kwa hiyo nikamwacha mama aonekane amechanganyikiwa, ili mimi nisionekane nilivyo.

Sasa Jumapili.

Tukio la gari la aiskrimu tuliliigiza wiki ya mwisho ya Septemba. Jua lilikuwepo, umeona sawasawa. Siku tatu baadaye nilirudisha koti na wigi kwenye stoo ya mavazi, nikatia sahihi. Tangu hapo nilikuwa kwangu, miguu juu ya kiti, sina wa kunisubiri hata mmoja, sembuse sitini. Uliponipigia saa mbili asubuhi nilikuwa nakula yai.

Nilivaa. Nilichukua funguo za gari. Kwenye kioo cha mlangoni nikajiona, nywele zangu zenyewe, koti langu la kijivu, nikajiuliza ataniona nani. Nikajiambia, nikienda hivi mama atakufa na mtu baki kando yake, afadhali nimpelekee Connie. Hiyo ndiyo sababu nzuri, na nimekaa nayo miezi hii miwili kama blanketi. Sababu ya kweli ni kwamba niliogopa atafumbua macho, mbele yako wewe uliyemwogesha miaka minne, aseme, "Huyu nani?"

Sikuja Bacup. Nilikwenda studio kuazima koti.

Bwana Openshaw alikuwa getini. Akatazama karatasi yake. "Bi. Thelma, jina lako halimo tena. Sheria ni sheria."

Nikasema, "Nataka koti tu, Bwana Openshaw. Koti la Connie. Mara moja, nitalirudisha."

"La nini Jumapili?"

"Mama yangu anakufa."

Nilikuwa nalia. Kweli, bila kijiti, mvua inanipiga na kamasi zinanitoka. Akanitazama, Edna, kisha akaanza kucheka, akanigonga bega. "Wewe mama wewe! Nusura uniingize mjini! Miaka kumi na tisa nakuona, na bado nusura uniingize!"

Ilichukua muda kumwaminisha. Alipoamini alifadhaika, akaanza kupiga simu huku na huku. Bi. Sidebottom wa mavazi alikuwa kanisani, kisha kwa mkwewe. Alikuja na funguo saa saba na nusu, na kofia yake ya kanisani bado kichwani. Tukafungua stoo. Hanga ilikuwepo, na karatasi yenye jina la Connie. Koti halikuwepo. Lilikuwa limepelekwa kwa dobi.

Nilikaa chini pale kwenye sakafu, katikati ya nguo za watu wengine. Saa nane nikaondoka. Kutoka kwangu hadi kwenu ni mwendo wa saa moja. Ningetoka pale uliponiita ningefika saa tatu na robo, saa tatu na nusu kwa mvua ile. Mama alikata roho saa nane na nusu. Alikuwa na saa tano za kunisubiri, nami nikazitumia kutafuta koti.

Nilipofika ulifungua mlango wa mbele. Ulisema, "Umechelewa." Nami nikajibu, "Tulikuwa tunarekodi." Mama yuko chumba cha pili, hajapoa. Neno langu la kwanza mbele yake lilikuwa hilo, na hakuna mwandishi aliyenipa. Lilitoka lenyewe, na sauti yake nzuri kabisa.

Kuhusu kijiti. Siku ya mazishi machozi hayakuja. Nilisimama nyuma ya kanisa nasikia watu wanaingia wakinong'ona, "Thelma amefika?" na niliwaza kwamba watanitazama, si kwamba mama yumo mle ndani. Ndiyo maana nilijipaka. Ulipokaa kando yangu na macho makavu nilikuonea wivu.

Jiwe ni lako uliamue. Andika "mama wa Edna" na umwache Bwana Haworth afunge vyombo vyake, nami sitakuwa na neno, maana ndivyo ilivyokuwa. Sijakuandikia haya ili unilipe kwa jina. Umeuliza nilikuwa wapi.

Jumamosi nitakuja, basi la saa nne, nimevaa koti la kijivu. Ninazo zile sapatu, haziniingii hata vidole. Nitaleta paja la nguruwe, zima, nimeshaagiza. Mzee Tattersall akipenda naye aitwe, na Bi. Crabtree.

Nitazungukia uani. Sitabisha hodi, nitasukuma tu mlango wa nyuma. Ukiwa umefungwa, nitaelewa, na nyama nitaiacha kizingitini.

Thelma